VIUNGO VYA FELEJI
Kwa nini vyuma viwili havitii nyundo sawasawa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jambo ambalo kila mhunzi hulijua kwa mkono wake, lakini wachache tu hulijua kwa sababu yake. Vyuma viwili vyaweza kufanana kwa sura, kwa rangi na kwa uzito. Vikatiwa katika moto mmoja na kupigwa kwa nyundo moja. Kimoja kikanyoka kama udongo wa mfinyanzi, na cha pili kikapasuka. Je, ni kwa nini?

Natutoe mfano. Mhunzi mmoja ana vipande viwili vya chuma. Cha kwanza ni nondo iliyobaki katika ujenzi wa nyumba. Cha pili ni springi ya lori lililoharibika zamani. Ataka kufua mapanga mawili. Nondo aliitia motoni mpaka ikakaribia kuwa nyeupe, kisha akaipiga, nayo ikatii. Springi akaifanyia vivyo hivyo, lakini kabla hajainua nyundo aliona cheche zikiruka kutoka katika chuma chenyewe, na kwa pigo la kwanza ncha yake ikamomonyoka kama mkate mkavu. Akaikata ncha iliyoharibika, akaanza tena. Safari hii aliuogopa moto, akaipiga springi hali imekwisha kuwa nyekundu ya giza, ikafanya ufa. Mara ya tatu alifaulu kulinyosha panga, akalitumbukiza katika ndoo ya maji lingali jekundu, akalitoa na kumpa mwenyewe. Kesho yake mwenye panga alipiga gogo la mti. Panga likavunjika, na kipande kimoja kikaruka karibu na uso wake. Alipokuja kudai fedha zake, mhunzi alimwambia, "Chuma kile kilikuwa na pepo, ndugu yangu."

Pepo hakuwako. Vilivyokuwako ni viungo, na mhunzi hakujua kwamba vimo. Chuma kitupu, kisicho na kitu kingine ndani yake, ni laini mno. Hakifai kwa panga wala kwa reli. Kile tukiitacho feleji, na wengine hukiita chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na vitu vingine kwa kipimo. Kama vile mpishi atiavyo chumvi, tangawizi na pilipili katika mchuzi, vivyo hivyo mwenye kiwanda hutia kaboni, manganisi, kromi na vinginevyo katika feleji. Na kama chumvi moja ilivyo nzuri na chumvi tele ilivyo mbaya, ndivyo ilivyo katika feleji pia. Tena viko vitu vingine ambavyo mpishi hakuvitaka, bali vimeingia vyenyewe kama mchanga katika mchele. Hivyo vyote, vizuri na vibaya, ndivyo vinavyoamua jinsi feleji itakavyoipokea nyundo ikiwa moto.

MOTO HUFANYA NINI NDANI YA CHUMA

Kwanza hatuna budi kujua kwa nini chuma hutiwa motoni. Mwanafunzi aweza kujaribu jambo hili mwenyewe. Chukua kipande cha waya, ukikunje, ukikunjue, ukikunje tena mahali pale pale. Utaona kwamba kila mara waya wazidi kuwa mgumu, na mwisho wakatika. Sababu yake ni kwamba ndani ya chuma mna punje ndogo sana, zimeshikamana kama mawe ya ukuta, na kila punje imejengwa kwa atomu zilizopangwa safu kwa safu. Ukikikunja chuma kikiwa baridi, safu hizo huteleza na kuvurugika, kama nyuzi zinazofungamana, hata mwisho hazina nafasi ya kuteleza tena. Hapo ndipo kinapokatika.

Katika moto mambo hugeuka. Chuma chekundu kikipigwa, punje zake huvurugika vile vile, lakini joto huzipa atomu nguvu ya kuhama na kujipanga upya. Punje mpya zisizo na fujo huzaliwa mahali pa zile zilizovurugika, na chuma hurudia ulaini wake, tayari kwa pigo jingine. Kwa hiyo kazi ya kufua chuma ni mashindano: nyundo yavuruga, na joto latengeneza. Maadamu joto laenda sambamba na nyundo, chuma hunyoka. Joto likishindwa, chuma hukaza, kisha hupasuka.

Tena kuna badiliko jingine. Chuma kitupu kikifika digrii 912 za sentigredi, atomu zake huacha mpango wa kwanza na kushika mpango mwingine, wenye nafasi za kupokea kaboni nyingi. Katika mpango huu mpya kaboni huyeyuka ndani ya chuma kama sukari ndani ya chai, na feleji huwa kitu kimoja chenye hali moja. Ndiyo sababu feleji nyingi hufuliwa zikiwa na rangi ya chungwa au ya manjano, wala si nyekundu ya giza. Viungo hufanya kazi zao katika mambo haya mawili: huzuia au husaidia punje mpya kuzaliwa, na hubadili joto ambalo chuma huanza kuyeyuka.

KABONI, KIUNGO CHA KWANZA

Kaboni ndiyo ile iliyomo katika makaa. Ndiyo kiungo cha feleji tangu zamani, hata kabla watu hawajaijua kwa jina. Wafipa waliojenga matanuru marefu yaitwayo malungu, na Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha udongo wa chuma kwa makaa ya miti, na katika tanuru kaboni ya makaa iliingia chumani. Bonge lililotoka tanuruni halikuwa sawa lote: upande huu laini, upande ule mgumu. Mhunzi mwerevu alilipasua, akachagua.

Kipimo cha kaboni ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nondo ya kawaida ina kaboni kama sehemu 2 au 3 katika sehemu 1,000. Springi nyingi za malori zina karibu sehemu 6 katika 1,000. Reli zina kama 6 mpaka 8. Tupa ya fundi ina kama 10 na zaidi. Na chuma cha kusubu, kile cha vyungu vizito na majiko ya zamani, kina sehemu 20 mpaka 40 katika 1,000.

Sasa angalieni matokeo yake. Chuma kitupu huyeyuka kwa digrii 1,538. Kaboni ikizidi, joto la kuanza kuyeyuka hushuka. Chuma cha kusubu huanza kuyeyuka karibu na digrii 1,150. Ndiyo maana chuma cha kusubu hakifuliki kamwe: kikiwa baridi huvunjika, na kikiwa moto humomonyoka. Nondo yaweza kustahimili moto wa digrii 1,250 bila madhara, lakini feleji ya tupa haifai kupita karibu digrii 1,100. Ikipita hapo sana, mipaka ya punje zake huanza kuyeyuka, hewa huingia na kuiunguza, na cheche hutoka. Chuma kilichoungua hivyo hakina dawa tena katika kiwanda cha mhunzi. Hukatwa na kutupwa. Hilo ndilo lililoipata springi ya mhunzi wetu mara ya kwanza. Moto uliokuwa chakula kwa nondo ulikuwa sumu kwa springi.

SALFA NA MANGANISI

Tumesema kwamba viko vitu viingiavyo bila kualikwa. Kilicho kibaya kuliko vyote kwa mhunzi ni salfa, ule unga wa manjano ambao wazee waliuita kiberiti. Makaa ya miti yana salfa kidogo sana, kwa hiyo wahunzi wetu wa kale hawakusumbuliwa nayo sana. Lakini makaa ya mawe yana salfa nyingi, na Wazungu walipoacha kuyeyusha chuma kwa makaa ya miti wakashika makaa ya mawe, salfa ikaingia katika chuma chao.

Salfa ikikutana na chuma hufanya kitu kipya ambacho hutandaa kama utando mwembamba baina ya punje. Utando huo pamoja na chuma huyeyuka kwa digrii 988, yaani mapema sana kabla ya joto la kufulia. Fikirini ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa, kisha chokaa ile ikageuka maji mtu alipokuwa akiegemea. Mawe ni mazima, lakini ukuta waanguka. Ndivyo feleji yenye salfa inavyovunjika chini ya nyundo ikiwa nyekundu, ingawa ikiwa baridi yaonekana haina kosa lo lote.

Dawa yake ni manganisi. Salfa huipenda manganisi kuliko inavyokipenda chuma. Zikiwa pamoja, salfa huacha kutandaa mipakani, huungana na manganisi na kufanya vijibonge vilivyotengana. Vijibonge hivyo haviyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,600, tena ni laini, hunyoka pamoja na chuma. Ndiyo sababu karibu kila feleji ya leo ina manganisi, mara nyingi sehemu 3 mpaka 8 katika 1,000, na kadiri salfa inavyozidi ndivyo manganisi nayo inavyotakiwa izidi.

Maarifa haya hayakupatikana bure. Katika mwezi wa Agosti 1856, huko Cheltenham katika nchi ya Uingereza, Bwana Henry Bessemer aliwasomea wataalamu habari ya njia yake mpya. Alipitisha upepo ndani ya chuma kilichoyeyuka, na upepo ule ukaunguza kaboni iliyozidi. Kwa muda wa dakika chache tani nzima za chuma zikageuka feleji, bila kuongeza makaa. Watu wakastaajabu. Wenye viwanda wakamlipa fedha nyingi ili wapewe ruhusa ya kuitumia njia hiyo. Lakini walipojaribu, chuma chao kilivunjika. Waliona wamedanganywa, na sifa ya Bessemer ikaanguka kwa ghafula kama ilivyopanda.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, udongo wa chuma wa sehemu nyingi za Uingereza ulikuwa na fosforasi, na fosforasi huvunja chuma kikiwa baridi. Bessemer mwenyewe alikuwa ametumia chuma chenye fosforasi kidogo bila kujua. La pili, upepo uliacha hewa ya oksijeni ndani ya chuma, na salfa nayo ilikuwamo. Kwa hiyo chuma kilipasuka kikiwa moto.

Aliyeliponya kosa la pili ni Robert Mushet, aliyekuwa akifanya kazi zake katika msitu wa Dean, magharibi ya Uingereza. Alikuwa na mchanganyiko wa chuma, manganisi na kaboni uliotoka Ujerumani. Akautia kidogo katika chuma kilichopulizwa. Manganisi ikaikamata oksijeni na salfa, kaboni ikarudi kwa kipimo, na chuma kikafulika vizuri. Katika mwaka 1857 reli ya feleji iliyotengenezwa kwa njia hiyo ililazwa katika stesheni ya Derby, mahali ambapo reli za chuma cha kawaida zilichakaa kwa miezi tu. Reli ile ilidumu mpaka 1873.

Lakini Mushet hakupata faida. Haki yake ya uvumbuzi ilipotea katika mwaka 1859 kwa sababu ada ya serikali, paundi 50, haikulipwa, na baada ya hapo kila mtu alikuwa huru kutumia manganisi bila kumlipa cho chote. Katika mwaka 1866, Mushet akiwa mgonjwa na maskini, binti yake Mary, msichana wa miaka 16, alisafiri peke yake mpaka London akaingia katika ofisi ya Bessemer, akamwambia kwamba utajiri wake wategemea kazi ya baba yake. Bessemer akakubali kumpa Mushet paundi 300 kila mwaka. Twasimulia habari hii ili msomaji aone thamani ya kiungo kidogo: bila manganisi ile, mashine kubwa ya Bessemer ilikuwa ikitoa chuma kisichofulika.

SHABA, ADUI WA JUU YA NGOZI

Shaba nayo huingia bila kualikwa, na siku hizi yaingia zaidi kuliko zamani. Viwanda vingi vya leo, hata vile vya Afrika Mashariki vitengenezavyo nondo, huyeyusha vyuma chakavu. Gari kuukuu lina nyaya za shaba ndani yake, na nyaya zisipotolewa huyeyuka pamoja na chuma. Tena shaba ikiisha kuingia, haitoki kwa njia ya kawaida ya kusafisha feleji.

Madhara yake ni haya. Feleji ikikaa motoni, hewa hula chuma cha juu na kukigeuza magamba. Lakini hewa haiili shaba kwa upesi kama hiyo. Kwa hiyo chuma kikiliwa, shaba yabaki na kukusanyika chini ya magamba. Shaba huyeyuka karibu na digrii 1,085. Basi huwa kimiminiko, hupenya baina ya punje, na feleji ikipigwa hufanya nyufa nyingi juu yake kama tope lililokauka juani. Nikeli ni dawa ya jambo hili. Ikitiwa pamoja na shaba kwa kipimo kinachofaa, huchanganyika nayo na kupandisha joto la kuyeyuka kwake. Lakini nikeli ni ghali, na dawa iliyo rahisi kwayo ni moja tu: kuchambua vyuma chakavu kabla ya kuviyeyusha, kama mama achambuavyo mchele kabla ya kuupika.

VIUNGO VISHINDANAVYO NA NYUNDO

Sasa twaja katika viungo vitiwavyo kwa makusudi, navyo ni kromi, tungsteni, molibdeni, vanadi na wenziwe. Hivi havimomonyoi feleji. Bali huifanya iwe kaidi. Mtu apitaye njia ya sokoni siku ya gulio hupita kwa urahisi ikiwa wote hawakubeba kitu. Lakini wachache wakibeba mafungu mapana ya makuti, mwendo wa wote hupungua. Atomu za tungsteni na molibdeni ni kubwa kuliko atomu za chuma. Hukwamisha safu zisiteleze, na huchelewesha punje mpya zisizaliwe. Kromi na vanadi hushika kaboni na kufanya vijipunje vigumu vinavyokaa kama mawe katika unga uliokandwa. Matokeo yake ni kwamba nyundo yataka kuwa nzito zaidi, mapigo yawe mengi zaidi, na moto urudiwe mara nyingi zaidi.

Huyo huyo Mushet, katika mwaka 1868, alitoa feleji yenye tungsteni kwa ajili ya vyombo vya kukatia chuma. Haikuhitaji kutiwa majini ili iwe ngumu. Ilikuwa ngumu yenyewe ikipoa hewani. Baadaye Wamarekani wawili, Frederick Taylor na Maunsel White, walifanya majaribio makubwa katika kiwanda cha Bethlehem, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu waliona chombo cha feleji kikikata chuma hali ncha yake imekuwa nyekundu kwa moto wa kusuguana. Kutokana na kazi ile ilipatikana feleji yenye tungsteni kama sehemu 18 katika 100, kromi 4 na vanadi 1, ambayo ilitumika kwa miaka mingi katika keekee na vyombo vingine vya mafundi.

Hapa msomaji aone fumbo na jibu lake. Feleji ile yakata ikiwa nyekundu kwa sababu moto haiulainishi ugumu wake. Basi, ikiwa moto haiilainishi, mhunzi naye ataifuaje? Kile kile kinachomfaa mwenye mashine ndicho kinachomtesa mhunzi. Feleji ya namna hii hufuliwa kwa nafasi nyembamba tu: baina ya karibu digrii 1,150 na 900 hivi. Chini ya hapo yakataa na kupasuka. Juu ya hapo sana yaharibika. Tena haipitishi joto upesi kama chuma laini. Ikitupwa ghafula katika moto mkali, ngozi yake hutanuka hali moyo wake ungali baridi, ikapasuka kabla haijapigwa hata mara moja. Yataka kupashwa moto polepole.

Kromi peke yake nayo ina habari zake. Katika mwaka 1913 huko Sheffield, Harry Brearley alitengeneza feleji yenye kromi karibu sehemu 13 katika 100, akaona kwamba haishiki kutu. Alifikiri mara moja juu ya visu vya mezani. Lakini mafundi wa visu wa mji ule, ambao kazi yao ilisifiwa duniani kote, hawakuifurahia. Walikuwa wamezoea feleji ya kaboni. Hii mpya ilikuwa ngumu kufuliwa, tena ilijikaza yenyewe ilipopoa. Walimdhihaki kwamba amevumbua visu visivyokata. Kosa halikuwa katika feleji. Ilitaka moto wake na adabu yake, na fundi mmoja, Ernest Stuart, alipojifunza joto lililoifaa, visu vizuri vilipatikana. Hapo twaona kwamba hata fundi stadi huwa mwanafunzi tena kiungo kikibadilika.

KIDOGO CHENYE NGUVU

Msomaji asidhani kwamba kuchelewesha punje mpya ni hasara siku zote. Mafundi wa nyakati hizi wameigeuza hasara hiyo kuwa faida. Kuna kiungo kiitwacho niobi, ambacho hutiwa kama sehemu 3 au 4 tu katika 10,000. Feleji yenye niobi hupitishwa ikiwa moto baina ya mapipa mawili ya chuma yanayozunguka na kuibana iwe bamba. Joto linaposhuka karibu na digrii 950, niobi huzuia punje mpya zisizaliwe; punje zilizopo hulazwa na kunyooshwa kama chapati. Kisha feleji ikipoa na atomu zake kurudia mpango wa kwanza, punje ndogo sana huzaliwa kwa wingi ndani ya zile zilizolazwa. Na katika feleji, punje ndogo ndizo zenye nguvu, tena hazivunjiki upesi katika baridi. Kwa njia hiyo mabamba ya mabomba ya mafuta na gesi yapatikana yakiwa mepesi na imara, pasipo kuongeza kaboni nyingi. Lakini mashine za kubana hazina budi kuwa na nguvu kubwa, maana feleji hiyo hushindana nazo.

MASHAURI KWA MHUNZI

Sasa turudi kwa mhunzi wetu wa mapanga. Tumekwisha kuona kwa nini ncha ya springi ilimomonyoka. Kwa nini ilifanya ufa mara ya pili? Kwa sababu springi, pamoja na kaboni yake, ina manganisi, tena ina kromi au silikoni. Katika wekundu wa giza punje mpya hazizaliwi upesi, na nyundo ikalishinda joto. Na kwa nini panga lilivunjika? Kwa sababu feleji yenye kaboni ya kadiri ile ikitumbukizwa majini ingali nyekundu hukaza kama kioo. Nondo yaweza kusamehe maji; springi haisamehi.

Basi twatoa mashauri machache. Kwanza, jua chuma chako kabla hakijaingia motoni. Ukiwa na jiwe la kunolea linalozunguka, kiguse juu yake utazame cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama maua mengi. Chenye tungsteni hutoa cheche fupi, nyekundu, zisizo na maua. Usisahau kuyakinga macho yako.

Pili, springi, reli na tupa zisifike katika weupe. Rangi ya chungwa iliyokolea, ikielekea manjano, yatosha. Afadhali kuitazama rangi hiyo kivulini, kwa kuwa jua la mchana hudanganya: chuma kilicho moto sana huonekana cheusi penye mwangaza mkali. Tatu, chuma kikifika wekundu wa giza, kirudishe motoni. Kufanya haraka huleta ufa ambao labda hutauona mpaka panga liwe mkononi mwa mtu. Nne, usikiweke chuma chenye viungo juu ya ardhi yenye maji kikiwa moto. Kifukie katika majivu makavu kipoe polepole. Tano, ukitaka kukaza springi, tumia mafuta badala ya maji, ukikaa mbali na makuti ya paa, maana mafuta huwaka. Kisha uipashe tena moto mdogo ili kuupunguza ukali wake. Na kabla hujakaza panga zima, kaza kwanza kipande kidogo, ukivunje, uone.

Mashauri haya hayapunguzi ustadi wa mhunzi, yaongeza. Zamani mhunzi alijua chuma chake kwa sababu alijua kilima kilikotoka. Leo chuma chamjia kutoka katika lori lililotengenezwa ng'ambo, na viungo vyake havikuandikwa juu yake. Aliye tayari kukijaribu kipande kidogo kwanza atapoteza kipande hicho. Asiye tayari atapoteza panga, mteja, na huenda jicho la mwenziwe pia.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaelezeni leo. Mwanafunzi apitaye karibu na kiwanda cha mhunzi asimame kidogo, atazame rangi ya chuma, asikilize mlio wa nyundo. Akisikia mlio wageuka kuwa mkali, atajua kwamba joto limekwisha kushindwa na nyundo, na kwamba ni wakati wa mhunzi kuvuta mivukuto tena.